Chanjo, neva na hesabu: Bungoma ilivyopimwa, Kitale ikitazama

Wiki zilizopita tumekuwa tukizungumza kuhusu hifadhidata na namna ya kusaka kasoro kwenye programu. Leo naendelea na mada hiyo hiyo, ila naingilia mlango wa nyuma. Nataka tutazame historia ya kasoro zinazotafutwa kwenye miili ya watoto wetu badala ya kwenye kompyuta. Chanjo ikishatoka kiwandani na kuanza kutumika, ni nani anayeangalia kama inaleta madhara? Hasa yale madhara yanayowaogopesha wazazi kuliko yote, ya ubongo na mishipa ya fahamu: degedege, kupooza, homa ya uti wa mgongo.

Niseme mapema kwamba mimi ni mwandika programu hapa Kitale, wala si daktari. Lakini swali hili ni la hesabu kabla ya kuwa la udaktari. Na mojawapo ya majaribio makubwa ya kulijibu yalifanyika kwa jirani zetu wa Bungoma, kuanzia mwaka 2019.

Kwa nini majaribio peke yake hayatoshi

Kila mwandika programu anaijua hali hii. Umejaribu programu yako mara elfu, inakwenda vizuri. Unaitoa kwa watu laki moja, na siku ya pili simu zinaanza kulia. Si kwamba hukujaribu. Kasoro yenyewe ni adimu kuliko idadi ya majaribio yako.

Wanahesabu wana kanuni rahisi, huitwa kanuni ya tatu. Ukijaribu kitu mara n bila kuona kasoro hata moja, usiseme haipo. Unachoweza kusema, kwa uhakika wa asilimia 95, ni kwamba haizidi 3 gawanya kwa n. Kwa hiyo ukichanja watoto 15,000 na hakuna aliyepooza, umethibitisha tu kwamba kupooza hakuzidi mtoto 1 kwa kila 5,000. Dhara la mtu 1 kwa 100,000 linaweza kupita katikati ya majaribio hayo bila kuonekana, kama dagaa kwenye wavu wa sangara.

Hivi ndivyo ilivyokuwa Marekani mwaka 1976. Serikali iliogopa mlipuko wa mafua ya nguruwe, ikaanza kuchanja watu tarehe 1 Oktoba. Ndani ya wiki kumi watu zaidi ya milioni 40 walikuwa wamechanjwa. Kisha zikaja taarifa za ugonjwa wa Guillain-Barré, ambapo kinga ya mwili hushambulia neva na mtu huanza kulegea miguu, wakati mwingine hadi kushindwa kupumua. Kampeni ilisimamishwa tarehe 16 Desemba 1976. Hatari ya ziada ilikadiriwa kuwa kama mtu 1 kwa kila 100,000 waliochanjwa. Mlipuko wenyewe uliohofiwa haukutokea.

Kumbukeni basi, ndugu zangu, kwamba madhara ya neva kutokana na chanjo yamewahi kutokea kweli. Anayewaambia hayajawahi kutokea hajasoma historia.

Upande wa pili wa shilingi

Lakini historia ina ukurasa mwingine. Mwaka 1974 madaktari wa London walichapisha habari za watoto waliopata matatizo ya ubongo baada ya chanjo ya kifaduro. Magazeti na televisheni vikalivalia njuga. Uingereza, idadi ya watoto waliochanjwa ikaporomoka kutoka zaidi ya robo tatu hadi karibu theluthi moja katika miaka michache. Japani ilisimamisha chanjo hiyo mwaka 1975 baada ya vifo vya watoto wawili, na ingawa ilirudishwa upesi, wazazi wengi walikuwa wamekwisha kuingiwa na hofu. Mwaka 1979 kifaduro kilirudi huko: wagonjwa zaidi ya 13,000, waliokufa 41.

Ilichukua miaka zaidi ya thelathini kupata sehemu kubwa ya jibu. Mwaka 2006 Samuel Berkovic na wenzake wa Australia walipima vinasaba vya wagonjwa 14 waliodhaniwa kuharibiwa ubongo na chanjo ya kifaduro. Kati yao, 11 walikuwa na kasoro kwenye jini iitwayo SCN1A, inayosababisha aina kali ya kifafa cha utotoni. Walizaliwa nayo. Homa ya chanjo huenda iliamsha degedege la kwanza, lakini ugonjwa ulikuwa njiani tayari.

Kwa lugha yetu ya kazi: programu ilianguka siku ulipoweka toleo jipya, ukalilaumu toleo jipya, kumbe diski ilikuwa inakufa tangu mwanzo.

Hesabu ya degedege

Dada mmoja wa ukoo wetu anayeishi Kimilili aliwahi kuniuliza, "Kaka, wewe unayejua kompyuta, niambie. Mtoto amechanjwa Jumatatu, Jumatano degedege. Si ni sindano hiyo?"

Nilimwambia ampeleke mtoto hospitali kwanza, hesabu baadaye. Mtoto alipona. Hii hapa hesabu.

Tuchukue kaunti ya kubuni yenye watoto 100,000 wa umri wa kuchanjwa. Tuseme, kwa mfano tu, kila mwezi mtoto 1 kati ya 1,000 hupata degedege kwa sababu zake: malaria, homa, nimonia. Kila mtoto anapata dozi nne, na sisi tunaangalia siku 7 baada ya kila dozi. Zidisha: 100,000 mara 1 kwa 1,000, mara 7 kwa 30, mara 4. Unapata karibu 93.

Yaani wazazi 93 wataona degedege ndani ya wiki moja baada ya sindano, hata kama ndani ya sindano mlikuwa na maji matupu. Kila mmoja wao atasema kweli: "Niliona kwa macho yangu." Lakini hakuna hata mmoja anayeweza, kwa mtoto wake peke yake, kujua sababu. Kinachohitajika ni kulinganisha. Wakiwa 93 si ajabu. Wakiwa 180, kuna jambo.

Ndiyo maana dhara la ajabu hugunduliwa haraka na dhara la kawaida hujificha. Mwaka 2021, damu kuganda kwenye mishipa ya ubongo huku chembe za kugandisha damu zikipungua, baada ya chanjo ya Korona ya AstraZeneca, kuligunduliwa Ulaya ndani ya wiki chache. Kenya ilikuwa imeanza kuitumia chanjo hiyo tarehe 5 Machi 2021, na tarehe 7 Aprili wakala wa dawa wa Ulaya akatangaza kwamba uhusiano upo, ingawa ni nadra sana. Mambo hayo mawili kuonekana pamoja ni adimu mno, kwa hiyo hata wagonjwa wachache waling'aa kama taa. Degedege katika nchi ya malaria haling'ai hivyo.

Daftari la Uppsala, na fomu ya manjano

Mfumo wa dunia wa kukusanya taarifa hizi ulizaliwa kutokana na msiba. Mwaka 1961 iligunduliwa kwamba dawa ya thalidomide, iliyopewa wajawazito, ilisababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo pungufu. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani likaanzisha mpango wa nchi 10 za kubadilishana taarifa za madhara ya dawa. Tangu 1978 kazi hiyo inaendeshwa kutoka mji wa Uppsala, Sweden. Hifadhidata yao, VigiBase, ina taarifa zaidi ya milioni 30.

Wapenzi wa programu mtafurahi hapa. Hakuna binadamu anayeweza kusoma taarifa zote hizo, kwa hiyo kompyuta hujenga jedwali la vyumba vinne: chanjo hii na dhara hili, chanjo hii na madhara mengine, chanjo nyingine na dhara hili, chanjo nyingine na madhara mengine. Kisha hujiuliza kama chumba cha kwanza kimejaa kuliko ilivyotarajiwa. Kikijaa kupita kiasi, kengele inalia na binadamu anaitwa. Kengele haisemi "chanjo ina hatia". Inasema "njoo uangalie".

Kenya iliingia rasmi baadaye. Bodi ya Famasi na Sumu ilizindua mfumo wa kitaifa wa kufuatilia madhara ya dawa mwaka 2009, na mwaka 2010 nchi ikawa mwanachama kamili wa mpango ule wa dunia. Mwanzoni ilikuwa fomu ya karatasi ya rangi ya manjano, inajazwa kwa kalamu na kusafiri kwa bahasha. Mwaka 2013 ukaja mfumo wa kuripoti kwa kompyuta.

Udhaifu wa mifumo ya namna hii ni mmoja: inasubiri. Mhudumu akichoka, fomu zikiisha, stima ikipotea, taarifa haiji. Na hesabu yetu ya jedwali haijui tofauti kati ya "hakuna dhara" na "hakuna aliyeandika".

Ishirini na moja kwa moja

Sasa tufike Bungoma.

Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilianza kubuniwa na kampuni ya GSK katika miaka ya 1980. Majaribio yake makubwa yalianza Bagamoyo, Tanzania, Mei 2009, na yakahusisha watoto 15,459 katika nchi saba, yakiwemo maeneo ya Kilifi, Siaya na Kombewa hapa kwetu. Ilipunguza malaria kwa zaidi kidogo ya theluthi kwa watoto wa miezi 5 hadi 17 waliopata dozi nne. Degedege la homa ndani ya siku 7 lilionekana, kama mara 1 kwa kila dozi 1,000, na hilo liliandikwa wazi.

Lakini kulikuwa na namba nyingine. Katika kundi hilo la umri, watoto 5,948 walipata RTS,S na 2,974 walipata chanjo nyingine ya kulinganishia. Homa ya uti wa mgongo iliwapata 21 upande wa kwanza, na 1 tu upande wa pili.

Nilikaa na kuipiga hesabu hiyo mwenyewe. Ikiwa chanjo haihusiki kabisa, kila mgonjwa ana nafasi 2 kati ya 3 ya kutokea upande wa RTS,S, kwa sababu wako mara mbili zaidi. Je, kati ya wagonjwa 22, kupata 1 au 0 upande wa pili kwa bahati tu kunawezekana kiasi gani? Jibu: kama mara 16 katika 10,000. Ni nadra. Lakini watafiti walikuwa wakiangalia magonjwa mengi kwa wakati mmoja, na ukirusha karata mara mamia, jambo la nadra litatokea mahali fulani. Tena wagonjwa wengi walitoka vituo viwili tu, Lilongwe ya Malawi na Kombewa karibu na Kisumu, na hawakukusanyika siku za karibu na sindano kama ambavyo ungetarajia.

Yalikuwepo mambo mengine mawili. Malaria ya ubongo ilionekana zaidi kwa waliochanjwa, na wasichana waliochanjwa walikufa karibu mara mbili ya wasichana wasiochanjwa, jambo ambalo kwa wavulana halikuonekana.

Ungefanya nini, ndugu msomaji? Uitupe chanjo ambayo ingeokoa maelfu, kwa kengele ambayo huenda ni ya uongo? Au uitawanye Afrika nzima na kuomba Mungu?

Shirika la Afya Duniani lilichagua njia ya tatu: kuitoa taratibu huku likipima. Mwaka 2019 chanjo ilianza Malawi na Ghana mwezi Aprili, na Kenya tarehe 13 Septemba, uzinduzi ukiwa Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay. Kaunti zilikuwa nane za magharibi, Bungoma ikiwa mojawapo pamoja na Busia, Kakamega, Vihiga, Siaya, Kisumu, Migori na Homa Bay. Sisi wa Kitale hatukuwemo. Trans Nzoia iko juu, kama mita 1,900, na malaria yetu si ile ya kila siku ya nyanda za chini kuelekea ziwani. Saa chache kwa matatu, na uko kwenye dunia nyingine ya mbu.

Ndani ya kaunti hizo, kaunti ndogo ziligawanywa kwa bahati nasibu. Nyingine zilipata chanjo mapema, nyingine zikasubiri ili zilinganishwe. Hospitali teule ziliwekewa utaratibu maalumu: mtoto akilazwa na dalili za uti wa mgongo, maji ya mgongo yanachukuliwa na kupimwa, malaria inapimwa, na kadi ya chanjo inaangaliwa. Vijijini, vifo vya watoto vilitafutwa nyumba kwa nyumba, na familia zikahojiwa kuhusu dalili za marehemu. Hapa hakuna kusubiri fomu. Unaifuata data hadi mlangoni.

Matokeo yalitangazwa Oktoba 2021, baada ya dozi milioni 2.3 kwa watoto zaidi ya 800,000 katika nchi tatu. Homa ya uti wa mgongo haikuongezeka penye chanjo. Malaria ya ubongo haikuongezeka. Vifo vya wasichana havikuongezeka. Malaria kali ilipungua kwa kama asilimia 30, na takwimu za baadaye zikaonyesha vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa kupungua kwa asilimia 13. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo kwa watoto wa maeneo yenye malaria. Machi 2023 Kenya ikaipeleka kwenye kaunti ndogo zaidi za eneo lile lile.

Deni lililobaki

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi tamu. Lakini Februari 2020 Peter Doshi aliandika katika jarida la kitabibu la BMJ kwamba wazazi hawakuombwa ridhaa ya maandishi kwa ajili ya jaribio lile, wala hawakuelezwa wazi kuhusu kengele zile tatu. Shirika la Afya Duniani lilijibu kwamba chanjo ilitolewa kama chanjo za kawaida, kwamba mzazi aliyeelezwa na kumleta mtoto kliniki amekubali, na kwamba kamati za maadili ziliidhinisha upimaji.

Maoni yangu ni haya. Kisayansi, mpango ulikuwa mzuri, na kutopima kungekuwa kosa kubwa zaidi. Lakini sisi waandika programu tunajua kitu kinachoitwa jaribio la matoleo mawili: nusu ya watumiaji wanapewa toleo jipya bila kuambiwa, na tunaangalia kitakachotokea. Kwa rangi ya kitufe, sawa. Kwa mtoto wa mtu, mama wa Webuye au Sirisia ana haki ya kusikia sentensi tatu: chanjo hii inapunguza malaria, kuna shaka hizi tunazozichunguza, na ukiona dalili hizi njoo mbio. Wapo watakaosema angekimbia. Mimi nasema mama anayeambiwa ukweli mapema hawi mawindo rahisi ya uvumi baadaye.

Na uvumi una njia zake huku kwetu. Mwaka 2015, katika kaunti ya Busia, watoto 28 walikutwa na udhaifu wa miguu baada ya kudungwa sindano katika zahanati moja. Zilikuwa sindano za kutibu malaria, wala si chanjo, na sindano ikichomwa vibaya kwenye tako huweza kujeruhi neva kubwa inayoshuka mguuni. Lakini neno "sindano" ni moja tu katika masikio ya mzazi. Kosa la mkono wa mhudumu linaweza kuiua imani katika dawa iliyo salama. Ndiyo maana wachunguzi hutenganisha mafungu: kosa la chanjo yenyewe, kosa la kiwanda, kosa la utoaji, hofu ya sindano, na sadfa tu.

Sifuri si habari njema

Nimalizie na kitu ninachokipenda kuliko vyote katika historia hii. Katika vita dhidi ya polio, hatuhesabu polio peke yake. Kila mtoto wa chini ya miaka 15 anayelegea ghafla mkono au mguu, kwa sababu yoyote ile, huripotiwa, na choo chake huchukuliwa mara mbili, kwa tofauti ya siku moja au zaidi, kisha hupelekwa maabara. Hii inafanyika Bungoma na inafanyika Kitale.

Sasa sikilizeni ujanja wake. Inajulikana kwamba hata pasipo polio kabisa, angalau mtoto 1 kwa kila 100,000 atalegea kila mwaka kwa sababu nyingine, Guillain-Barré ikiwemo. Kwa hiyo kaunti inayoripoti sifuri haipongezwi. Inapigiwa simu. Sifuri maana yake mfumo umelala.

Ni sawa na seva inayotuma ujumbe mfupi kila dakika kusema "nipo". Ukimya ukizidi, usishangilie kwamba hakuna matatizo. Nenda ukaangalie kama waya umekatika.

Kwa hiyo ukiwa mzazi, kitunze kile kitabu cha kliniki, chenye tarehe na namba ya toleo la chanjo. Mtoto akipata degedege, kulegea, shingo ngumu au kutozinduka, hospitali kwanza, siku hiyo hiyo. Kisha umwambie mhudumu chanjo ilitolewa lini, na umuulize kama taarifa imeandikwa. Huenda ni sadfa, na mara nyingi huwa hivyo. Lakini hata sadfa ni namba inayohitajika kwenye jedwali, maana bila zile 93 za kawaida hakuna atakayejua zikifika 180.

Haya, maoni yenu nayasubiri, hasa ninyi wauguzi na maafisa wa afya wa huku magharibi mnaozijaza fomu hizo kwa mikono yenu.